Baridi ya Saa Tisa

Siku ya tatu tangu Shadya azikwe, Sajenti Domitila alifungua mlango wa mahabusu ya Nachingwea akamkuta fundi Ladislaus ameketi vilevile alivyomwacha jana yake: mgongo ukutani, magoti kifuani, ugali wa jioni umekauka sahanini. Kabla hajaulizwa kitu, mwanamume yule alianza mwenyewe.

"Afande, nimefikiri sana. Labda nilifunga kupita kiasi."

Domitila aligeuza ndoo tupu akaikalia. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na katika miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa amewaona wengi wakikiri makosa ambayo hawakuyafanya, kwa sababu tu ya kulala sakafuni peke yao. Akamwambia asimweleze alichofikiri, amweleze alichofanya.

Alichofanya Ladislaus kila mtu alikijua, au alidhani anakijua. Mwaka ule wa 2006, kati ya mashine mbili za dizeli zilizoulisha mji umeme, moja ilikuwa imelala ikisubiri vipuri, na iliyobaki ilikuwa inahema. Mchana ilijikokota. Jua likizama, kila nyumba ikawasha taa, kila baa ikafungulia muziki, mji mzima ukaingia gizani. Kamati ya mji ikakaa, ikaamua kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku wafanyabiashara wenye majokofu makubwa watumie nusu tu ya nguvu zao. Ladislaus, fundi pekee wa majokofu aliyeaminika, akapewa kazi ya kupita kwa kila mmoja. Palipokuwa na mashine mbili, moja aliifungia swichi ya saa iliyoikata jioni na kuirudisha usiku, kisha akaipiga lakiri ili mtu asiichezee.

Chumba cha baridi kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Gwakisa, karibu na stendi. Na humo ndani, kati ya samaki kutoka Lindi, mapaja ya ng'ombe na makreti ya soda, kulikuwa na kiboksi cha dawa ya kisukari cha mtoto wa darasa la tano kutoka Nanganga, Wilaya ya Ruangwa, kijiji ambacho hakikuwa na hata nguzo moja ya umeme. Mtoto alikuwa Shadya. Alichomwa sindano ya dawa ile siku nne, na siku ya tano akafa.

"Nilifunga mashine moja," Ladislaus alisema. "Ya pili sikuigusa. Gwakisa alinibembeleza nisipige lakiri, nikakataa, akanitukana, nikamjibu. Basi. Lakini mtoto amekufa, afande, na dawa ilipata joto. Nani mwingine aliyeleta joto humo ndani kama si mimi?"

Ndivyo mji wote ulivyosema. Ndivyo alivyosema Abdala pia, baba mdogo wa Shadya, aliyemfuata fundi nyumbani kwake na watu kumi na wawili siku ya mazishi. Kama polisi wasingewahi, pengine leo kungekuwa na makaburi mawili. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Domitila bila kuzunguka: Jumatatu asubuhi Ladislaus anasomewa shtaka la kuua bila kukusudia, labda yeye alete jambo jingine la kueleweka. Na hiyo ilikuwa Jumamosi.

Domitila aliinuka, akamwambia ale. Akatoka.

*

Gwakisa aliwapokea Domitila na dereva wake mlangoni akiwa amevaa koti zito la baridi kifua wazi, jasho linamtoka. Alikuwa mtu wa Tukuyu, lakini amekaa Nachingwea miaka ishirini hata matusi ya Kimwera akayazoea. Alizungumza sana. Alisema fundi alimwonea kijicho tangu zamani, alisema lakiri ilipigwa kwa hasira, alisema ana hakika mashine zote mbili zilikuwa zikizimika jioni, maana yeye mwenyewe akirudi kwake hasikii mvumo.

Domitila alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akaomba kuonyeshwa mashine.

Zilikuwa nyuma ya jengo, chini ya bati, zote mbili zinanguruma. Ya kushoto ilikuwa na kisanduku cha swichi ya saa, na juu yake lakiri nyekundu, nzima, haina hata ufa. Ya kulia haikuwa na kitu. Alifuata nyaya zake kwa kidole, moja moja, mpaka ukutani. Hazikupita kwenye kile kisanduku popote. Swichi isingeweza kuikata hata ingetaka.

"Bwana Gwakisa," alisema, "hii ya kulia ilizimwa na nani jioni?"

Gwakisa alitazama mashine, akatazama viatu vyake.

"Mimi nilisema sisikii mvumo."

"Unalala wapi?"

"Kwangu. Kule juu, karibu na kanisa."

"Kutoka huko hata mimi nisingeusikia."

Koplo Shaibu, dereva wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikohoa ili asicheke. Gwakisa akajitetea kwamba watu wanasema ni yeye aliyeua, kwamba amana ilikuwa mikononi mwake, na mtu akisukumiwa ukutani lazima aseme kitu. Domitila aliandika hayo pia. Kisha akaingia ndani.

Baridi ilimpiga usoni. Mtunza stoo alikuwa mzee Benedikto, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa kijana wakati wa vita vya ng'ambo na hakurudi tena. Aliwasha taa, akamwonyesha. Karibu na mlango kulikuwa na rafu ya mbao ya vitu vya watu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi pale: mwenye nyama ya harusi, mwenye maziwa, mwenye dawa, alileta kitu chake akakifunga kwa kitambaa chake, akaacha bila kulipa wala kuandikwa. Rangi ya kitambaa ndiyo ilikuwa jina lake. Kiboksi cha Shadya kilifungwa kipande cha kanga ya kijani. Alhamisi Domitila alipokuja kukichukua kiwe kielelezo, Benedikto aliingia akakitoa akampa mlangoni, naye akaondoka nacho. Hakuuliza kimetoka wapi humo ndani. Hilo lilikuwa kosa lake, na sasa lilimkera.

Huko mwisho, chini ya feni kubwa, kulikuwa na makreti ya soda. Alipoinama aliona vioo vinamemeta. Chupa tisa zilikuwa zimepasuka, vizibo vyake vingali vimebana.

"Wezi," Gwakisa alisema kutoka mlangoni. "Au huyu mzee, macho yake hayaoni tena, anagonga gonga."

"Macho yangu yanakuona wewe, mla ndizi wa Tukuyu," Benedikto alimjibu bila kugeuka. "Sijagonga kitu. Nakuta zimepasuka tu, tangu wiki mbili hizi."

Domitila aliuliza kama kuna kumbukumbu ya baridi. Mzee akaleta daftari.

Lilikuwa daftari la ajabu. Benedikto hakusoma zaidi ya darasa la pili la misheni, na tarakimu zilimchanganya, kwa hiyo aliandika kwa picha. Ukutani kulikuwa na saa ya kupimia baridi, yenye mshale: katikati kijani, kulia nyekundu ya joto, kushoto buluu ya barafu. Kila baada ya saa tatu, toka asubuhi mpaka saa tatu usiku, mzee alichora duara na ndani yake mshale ulikoelekea. Kurasa na kurasa za visaa vidogo, vimepangwa kama mayai kwenye trei.

Domitila aliliinamia lile daftari juu ya kreti robo saa nzima, pumzi yake inatoka moshi. Alianza na visaa vya usiku, maana huko ndiko mji ulikosema dawa ilikufa. Usiku wa kwanza wa amri: kijani. Wa pili: kijani. Akafunua mpaka siku ambayo Semeni, mama yake Shadya, alichukua kichupa kipya. Usiku hata mmoja mshale haukugusa nyekundu.

Kisha akaangalia mchana. Kabla ya amri, mchana ulikuwa kijani kama usiku. Baada ya amri, kila siku saa tisa alasiri, mshale ulilala kushoto kabisa, ndani ya buluu, kama mtu aliyeanguka ubavu.

"Saa tisa mnafanya nini humu?"

Mzee alimtazama Gwakisa. Gwakisa akasema, sasa kwa sauti ndogo, kwamba saa sita mchana huzungusha swichi ya baridi mpaka mwisho, ili chumba kishibe kabla ya saa za mzigo mkubwa wa umeme, kikifika jioni na mashine moja kiweze kuvumilia. Si yeye peke yake. Wenye majokofu wote walifanya hivyo, na kamati iliwasifu.

"Hakuna ubaya," alisema. "Samaki anapenda."

*

Domitila alitoka nje kuota jua, ameshika kipande cha chupa. Shaibu alikuwa ameegemea gari la kituo, One-Ten. Hao wawili walikuwa na mchezo wao wa miaka.

"Kitendawili."

"Tega, afande."

"Hakuna aliyeingia, hakuna aliyegusa, kizibo hakijafunguka, chupa imepasuka."

Shaibu alikuna kidevu. Akasema joto. Akasema jini. Akasema mke wa Gwakisa. Mwisho akashindwa.

"Nipe mji," Domitila alidai.

"Chukua Mbwemkuru."

"Nimekwenda Mbwemkuru, nikakaribishwa, nikala korosho na kuku, nikasahau kabisa kwamba nilikuja na dereva. Jibu lake ni maji. Yakiganda yanavimba, yanatafuta pa kutokea."

Shaibu alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikitazama kile kipande cha kioo mkononi mwa Domitila. "Afande, soda ikiganda inapasua chupa. Dawa je?"

Domitila alirudi ndani akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa chumba, nyuma ya makreti, kwenye rafu ya chuma iliyokaa chini ya feni. Barafu ilikuwa imeota juu ya chuma kama ukungu wa mkate. Aliipitishia tochi polepole. Katika pembe ya ndani, umeganda kwenye chuma hata kucha haikuweza kuung'oa, alikuta uzi wa kanga. Wa kijani.

Akamwita Benedikto peke yake, akafunga mlango.

"Mzee, kiboksi kilikuwa rafu ya mlangoni. Nani alikileta huku?"

Benedikto alijikunyata ndani ya shati lake jepesi.

"Andika ni mimi," alisema.

"Ni wewe?"

"Nimesema andika."

"Sikuulizi niandike nini, mzee wangu."

Hapo akajifuta pua kwa kiganja, akasimulia. Jumanne ya wiki ile ya amri Semeni alikuja kutoka Nanganga juu ya lori la mihogo, bila hata kuweka mzigo chini. Alikuwa amesikia kwa utingo kwamba majokofu ya Nachingwea yatapunguzwa nguvu. Alilia. Alisema dawa ile ndugu yake ameitafuta Dar es Salaam miezi miwili, imekuja na basi ndani ya chupa ya chai yenye barafu, ikipata joto basi mtoto hana kitu. Aliomba aonyeshwe mahali pa baridi kuliko pote. Mzee alimshikia mlango tu. Mama mwenyewe alikitoa kiboksi karibu na mlango, akapita na kiganja chake hewani, hapa, hapa, hapa, mpaka akafika chini ya feni. Akasema hapa ndipo. Akamshukuru mzee, akamshika miguu.

"Yule mtoto nilikuwa namwita mke wangu," Benedikto alisema. "Kila akija na mama yake namuuliza, leo umenipikia nini? Ananijibu, kazi kwanza, babu, chakula baadaye. Sasa wewe nenda kamwambie mama yake nini? Mimi mzee. Andika nilikisogeza mimi, kwa kutojua. Mniweke ndani, nitakaa."

Domitila alimwambia kwamba uongo ule ungemtoa mtu mmoja mahabusu na kumwingiza mwingine, na Abdala angemsubiri huyo mwingine mlangoni. Mzee akasema amsubiri tu. Domitila alifunga daftari la picha ndani ya bahasha, akalitia mhuri, akamsainisha. Hakumwambia ndiyo wala hapana.

*

Muuguzi Dionisia, aliyekuwa akimwangalia Shadya kliniki kila alipoletwa Nachingwea, alivipanga vichupa juu ya kitambaa cheupe: vinne vilivyobaki ndani ya kiboksi, na kimoja cha dawa ileile kilichotoka kwenye jokofu lake mwenyewe. Alivigeuza geuza polepole. Chake kikawa na rangi moja kote, kama uji mwepesi wa mchele. Vile vinne vilibaki na maji juu na chenga chini, na chenga nyingine zimeng'ang'ania kioo.

"Zimekufa," alisema. "Hii insulini ikiganda mara moja tu, imekufa. Hata ikiyeyuka. Umchome mtoto, ni kama umemchoma maji."

"Joto lingefanya hivi?"

"Joto nalo linaua. Lakini si kwa wiki mbili, si ndani ya chumba ambacho mshale wake haukugusa nyekundu. Hii ni barafu, afande. Na sanduku lenyewe ona, karatasi imelowa ikavimba, ikakauka, ikalowa tena. Kila siku limeganda, kila usiku limeyeyuka."

Domitila aliuliza kama mama wa mtoto aliambiwa hilo. Dionisia alianza kukunja kile kitambaa cheupe, akakunja mpaka kikabaki kama leso.

"Nilimwambia isipate joto. Nilimwambia zaidi ya mara ishirini. Iwe baridi, mama Shadya, iwe baridi. Karatasi ya ndani imeandika isigandishwe, kwa Kiingereza. Mimi naisoma. Lakini huku kwetu, afande, nani ana barafu? Watu wanafukia dawa kwenye mtungi wa maji. Miaka yote niliyokaa hapa sijaona dawa iliyoharibiwa na baridi. Haikunijia kumwambia."

Aliandika maelezo yake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa shule, na hakuficha hata mstari mmoja.

*

Walifika Nanganga jua limeanza kuinama. Hitima ilikuwa imekwisha. Wanawake walikuwa wakisugua masufuria, wanaume wamebaki barazani, na Abdala kati yao, mrefu, kofia imekaa nyuma ya kichwa, macho mekundu ya mtu asiyelala. Domitila alijifunga kanga kichwani, akavua viatu, akawapa pole. Wakaitikia wameshapoa. Abdala peke yake hakuitikia.

"Mmetuletea pole au mmetuletea tarehe ya mahakama?"

Domitila alimwambia amekuja kuchukua maelezo ya mama mtu, na bila hayo jalada halifungwi. Abdala akasema jalada lifungwe haraka, maana yeye ana uvumilivu wa mpaka Jumatatu.

Semeni alikuwa chumbani, juu ya mkeka, mwembamba, kanga mbili nyeusi. Alikaa wima. Hakuwa akilia. Aliyasema yote kwa mpangilio, kama mtu aliyeyarudia kichwani siku tatu. Jumamosi alichukua kichupa kipya Nachingwea, akakileta nyumbani ndani ya kitambaa kibichi, akakitia kwenye mtungi mdogo aliokuwa ameufukia karibu na kinu. Alipovuta dawa aliona chenga. Akadhani ni mtikisiko wa lori. Jumatatu Shadya alimaliza maji ya ndoo nzima akaomba mengine. Jumanne akatapika. Mama akamwongezea dawa. Alfajiri ya Jumatano walipanda lori la korosho kwenda hospitali, na kabla ya kuziona taa za Nachingwea mtoto aliuliza kama wamefika, mama akasema bado kidogo.

"Nikamwambia bado kidogo," Semeni alirudia. "Hakuuliza tena."

Kalamu ya Domitila ilisimama. Akaisukuma tena.

Alikuwa amepanga swali lake njiani. Angeliuliza katikati ya mengine, kavu, kama desturi ya polisi. Angeandika jibu, angechukua dole gumba, angeondoka. Ladislaus angetoka, na mama huyu asingejua neno lake moja lilifanya kazi gani.

"Mara ya mwisho ulipokwenda stoo kabla ya Jumamosi hiyo, kiboksi kilikuwa rafu ipi?"

"Mlangoni. Lakini sikukiacha pale." Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama uhai usoni mwake. "Walisema watapunguza nguvu, basi mimi nikaenda. Sikumwamini mtu. Nilitafuta mwenyewe, kwa mkono huu, mpaka nikapata chini ya feni, huko mwisho. Mkono uliniuma mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, hapa hata wakizima yote, mwanangu yuko salama. Andika hilo, mama. Andika nilifanya yote ya mama kufanya."

Domitila aliliandika. Neno kwa neno. Akageuza karatasi, akafungua kibweta cha wino.

Semeni hakunyoosha kidole. Alikuwa akiangalia ule ukurasa, ingawa hakujua kusoma haraka.

"Maswali ya fundi yako wapi?"

"Nimeshamuuliza yeye."

"Alizima mashine?"

"Moja, kama alivyoagizwa. Haikuleta joto. Tumehakikisha. Humo ndani hakukuwahi kuwa na joto, Mama Shadya. Hata usiku mmoja."

"Kama hakukuwa na joto, dawa iliharibiwa na nini?"

Nje sufuria lilianguka, mwanamke akamkemea mwenzake. Domitila alikumbuka sura ya Benedikto, shati jepesi, andika ni mimi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mzee alikisogeza tena baada yako. Yangetosha. Hakuna ambaye angeyapinga, hata huyo mzee. Aliyameza.

"Mchana walikuwa wanakijaza chumba baridi nyingi, ili jioni kiweze kuvumilia," alisema. "Nyingi kuliko dawa inavyoweza. Ile dawa ikiganda inakufa. Wewe hukuambiwa. Muuguzi ameandika mwenyewe kwamba hukuambiwa. Mwenye chumba hakujua, mzee wa stoo hakujua, fundi hakujua."

"Kule mlangoni ingeganda?"

Domitila alikuwa mpelelezi. Alikuwa ameshapima. Rafu ya mlangoni haikuwa na barafu hata chembe.

"Mama yangu," alisema.

"Nakuuliza wewe, si mwingine. Kule mlangoni ingeganda?"

"Hapana."

Semeni aliutazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza, akaufungua, akaufunga, kama mtu aliyeazimwa kitu na kukikagua kabla ya kukirudisha. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza juu ya karatasi kwa nguvu mpaka mkeka ukalia chini yake.

"Huyo fundi amelala mahabusu siku ngapi?"

"Leo ya tatu."

"Hana kosa."

"Hana. Wala wewe huna. Kisheria na—"

"Usinipe sheria," Semeni alisema, si kwa ukali. Aliinuka kwa kushika ukuta. Domitila alitaka kumwambia aketi, kwamba hilo ni la polisi, kwamba yeye mwenyewe ataongea na wanaume kwa namna yake, taratibu, siku nyingine. Lakini mwanamke alikuwa ameshapita mlango.

Barazani watu waliacha mazungumzo. Semeni alisimama mbele ya shemeji yake, kichwa hakijafunikwa vizuri, wino mweusi kidoleni.

"Abdala, yule mtu wa majokofu asiguswe. Dawa niliiua mimi. Niliiweka kwenye barafu kwa mkono wangu, nikidhani naikinga na joto. Usimtafute mtu mwingine tena. Yuko hapa."

Mzee mmoja alianza kusema kudra ya Mungu, akanyamaza katikati. Abdala alifumbua mdomo, na Domitila, aliyekuwa amesimama kizingitini, alimwona yule mtu aliyeongoza watu kumi na wawili akitafuta mahali pa kuipeleka hasira yake yote na asipaone. Alimtazama shemeji yake. Alitazama chini. Halafu akainuka, akavua koti lake, akamfunika nalo mabegani, akageukia upande wa jikoni.

Aliwaita wanawake kwa majina, mmoja mmoja. Akawaambia waache vyombo. Akawaambia mama huyu asiachwe peke yake leo, wala kesho, wala siku yoyote mpaka yeye Abdala aseme, na mwenye kisu, mwenye kamba ya kisimani, aviondoe vyote uani sasa hivi, kabla jua halijatua.